Puto, chuma au ng'ombe? Nimegundulika na valvu ya moyo iliyobana, naombeni uzoefu wenu

Mwalimu_Mpanda (mwanzisha mada)

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 28, naishi Mpanda, nina mtoto mmoja wa miaka mitatu. Wiki tatu zilizopita nimeambiwa nina ugonjwa wa valvu ya moyo, na mpaka leo nikilitamka hilo neno naona kama namsema mtu mwingine.

Tangu mwaka jana nikibeba madaftari kutoka ofisini hadi darasani nilikuwa nasimama njiani kuvuta pumzi. Nikasema ni mwili, nimenenepa baada ya uzazi. Baadaye usiku nikawa silali bila mito mitatu, na kikohozi kinaniamsha saa nane. Nikatibiwa pumu miezi minne. Makohozi yakapimwa TB mara mbili, hakuna kitu. Aliyegundua ni daktari kijana. Aliweka kipimo chake kifuani, akanyamaza. Akanigeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena, akanyamaza tena. Halafu akaniuliza: "Utotoni uliwahi kuvimba magoti, moja likipoa linaanza jingine?" Nilishtuka. Nilikuwa darasa la nne, mama alinikanda kwa maji ya moto mwezi mzima.

Nikaja Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, nikafanyiwa eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti. Valvu ya mitrali, ule mlango wa damu ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, imebana hadi kufikia sentimita ya mraba 0.9. Ya mtu mzima ni 4 hadi 6. Kuvuja inavuja kidogo tu, na mapigo bado yana mpangilio. Nimepewa dawa ya kukojoa, dawa ya kutuliza mapigo, na sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Narudi tarehe 18 mwezi ujao, jopo la madaktari litakaa na mimi nitaulizwa. Kuna kupanuliwa kwa puto bila kufungua kifua. Kuna upasuaji na kuwekewa valvu ya chuma. Na kuna upasuaji na valvu ya mnyama.

Nataka mtoto mwingine, Mungu akinijalia. Mume wangu anasema tuchague inayodumu. Mama anasema tuombe kwanza. Ninyi mliopita njia hii mnasemaje?

BibiSaa_Tanga

Pole sana mwanangu. Mimi nina chuma tangu 2012. Usiku nyumba ikitulia inasikika tik tik tik, mgeni akilala chumba cha pili asubuhi anauliza saa ya ukutani mmeficha wapi. Wajukuu wananiita Bibi Saa, na mimi nimelikubali jina.

Chuma hakichakai, hapo mumeo amesema kweli. Lakini chuma hakiishi peke yake, kina mwenzake anaitwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na huyo utamlisha kila siku jioni saa ileile mpaka siku ya kuzikwa. Damu ikigusa chuma inataka kuganda. Bonge likikaa pale valvu inakwama, au linaruka kichwani unapooza upande. Ukizidisha dawa nayo, unavuja damu. Katikati hapo ndipo tunapoishi, na kipimo chake ni INR: namba ikipanda damu inachelewa kuganda, ikishuka inaganda upesi. Yangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mwezi huu imesoma 2.8. Mwezi uliopita ilisoma 4.6, kwa kuwa niliumwa tumbo nikapewa flajili na mtu ambaye hakuniuliza natumia nini. Fizi zilitoka damu siku mbili.

Halafu mboga. Mwanzoni niliambiwa nisiguse majani. Miaka miwili nilikula maharage na biringanya nikawachukia wote wawili. Akaja daktari mwingine akacheka, akaniambia: kula kisamvu chako, ila kiwe kilekile kila wiki, dozi tutaipanga juu ya hicho kisamvu. Kinachovuruga ni mtu kukaa mwezi bila jani, kisha akaenda msibani akamaliza hotpoti nzima ya matembele.

Sasa kabla hujaniuliza valvu gani, mimi nakuuliza: huko Mpanda utapima INR wapi, na mara ngapi?

Mwalimu_Mpanda

Shikamoo Bibi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimepiga simu leo. Kipimo kipo, ila kuna miezi vitendanishi vinaisha na hawana hakika vitarudi lini. Vikiisha ni basi hadi Tabora.

BibiSaa_Tanga

Marahaba. Basi hilo liandike juu kabisa kwenye karatasi yako, juu ya mambo yote.

Babu_Mizizi

Binti, achana na visu. Kitunguu swaumu, tangawizi na unga wa mlonge, asubuhi na jioni, miezi mitatu valvu inafunguka yenyewe. Ninao watu waliopona.

Muuguzi_ZamuYaUsiku

Babu, kwa heshima zote, hapana. Ugonjwa wa mwalimu ulianzia kooni utotoni. Vijidudu vya koo vilisababisha homa ya baridi yabisi, na kinga ya mwili iliyokuwa inapigana na vijidudu ikageukia viungo na moyo. Magoti yalipona, valvu ikabaki na kovu. Miaka inavyokwenda kovu linakakamaa na kingo mbili za valvu zinagandana pembeni, kama mdomo wa kiroba mtu akishona pande zote akaacha tundu katikati. Kitunguu hakifumui mshono huo. Tena yeyote anayetumia warfarini akila kitunguu swaumu kwa vijiko kama dawa anajitafutia kuvuja damu. Kwenye mchuzi hakuna shida.

Mwalimu, puto linafaa kwa sababu hiyohiyo ya mshono. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa kinena, unapanda hadi moyoni, unatobolewa ukuta mdogo kati ya vyumba viwili vya juu, kisha puto linawekwa katikati ya valvu na kujazwa kwa sekunde chache. Kingo zilizogandana zinaachana. Aliyelibuni ni daktari wa upasuaji wa Japani, Kanji Inoue, na alianza kulitumia kwa wagonjwa mwaka 1982, kwa hiyo usiogope kwamba unafanyiwa majaribio.

Ila si kila valvu inakubali. Wanaangalia mambo manne: vijani vya valvu, vile vipande vinavyofunguka na kufunga, vinachezaje, vimenenepa kiasi gani, vina chokaa kiasi gani, na zile kamba za chini zimejikunja kiasi gani. Kila jambo alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini yake, puto lina nafasi nzuri. Wanatazama pia kama valvu inavuja sana, na kama kuna bonge la damu kwenye chumba cha juu. Kwa hilo la bonge mara nyingi watakupa eko ya kumeza, yaani mrija wa kipimo unapitishwa kooni. Si tamu, lakini inapita. Je, kwenye karatasi yako kuna jumla ya alama?

Mwalimu_Mpanda

Nimeitafuta. Imeandikwa 7.

Muuguzi_ZamuYaUsiku

Alhamdulillah. Ningekuwa wewe ningeanza kulala vizuri kidogo, hata kwa mito mitatu.

Kyaka_Mama

Mimi ni wa puto, natokea Kagera. Niligundulika nikiwa na mimba ya miezi mitano, mwaka 2019. Sikuwa najua lolote. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na tundu langu lilikuwa 0.8, sasa damu yote ile ipite wapi? Ilirudi mapafuni. Nililala nimekaa wiki mbili. Dawa hazikutosha, wakaamua puto na mtoto akiwa tumboni, nimefunikwa aproni nzito ya risasi kuzuia mionzi.

Nilikuwa macho muda wote. Puto lilipojaa moyo uliruka kama samaki aliyetupwa nchi kavu, likatolewa, na papo hapo nikavuta pumzi ikafika chini kabisa. Nililia, nesi akadhani naumia. Tundu likawa 1.7. Siku ya tatu nilikuwa kwa dada yangu nakula senene. Mtoto yuko darasa la kwanza sasa.

Nisikufiche upande wa pili. Mama aliyefanyiwa siku moja na mimi, kijani cha valvu kilichanika, ikaanza kuvuja sana, wakamkimbiza upasuaji siku hiyohiyo. Alipona, lakini alilala na puto akaamka na chuma. Kwa hiyo uliza: likichanika, hapo nilipo wapo wa kufungua kifua? Usifanyie mahali ambapo jibu ni hapana. Na puto haliifanyi valvu kuwa mpya. Kovu linaendelea polepole. Napigwa eko kila mwaka, ya mwisho ilisoma 1.5. Nimeambiwa siku moja nitahitaji kingine.

BibiSaa_Tanga

Ndiyo maana mimi naliita puto kuahirisha. Unalipa leo, kesho unalipa tena.

Kyaka_Mama

Bibi wangu, nimeahirisha, na katika kuahirisha huko nimejifungua salama, nimenyonyesha, nimelima, sijameza warfarini hata siku moja. Niache niendelee kuahirisha.

BibiSaa_Tanga

Haya, umenishinda. 😄 Mimi mwenyewe nilipogundulika yangu ilikuwa na chokaa kama jiwe la pwani, puto hawakulitaja kabisa.

Mume_wa_Mwalimu

Samahani wadau, mimi ndiye mume anayesemwa juu. Nimejisajili leo ili nijibu. Niliposema inayodumu sikuwa natazama pesa. Sitaki alazwe mezani mara mbili. Nilikaa nje ya chumba cha eko dakika arobaini tu nikaona siwezi. Hivi hii ya ng'ombe inadumu miaka mingapi? Nasikia wengine wanasema ya nguruwe.

Fundi_Mashua (Mombasa)

Kaka, swali lako ndilo langu la mwaka 2014. Nilikuwa na miaka 26, kazi yangu ni mashua: misumeno, patasi, misumari, siku haipiti sijajikata. Na warfarini kwa kazi hiyo niliona sitaweza. Nikachagua ya mnyama. Zipo mbili, ile ya nguruwe ambayo ni valvu yake yenyewe, na ile inayoshonwa kwa ngozi nyembamba inayofunika moyo wa ng'ombe. Nilimwendea sheikh wangu. Akaniambia dharura ina hukumu yake, lakini ikiwa ng'ombe yupo, yanini tufike huko? Daktari akasema kwake zote sawa. Ikawa ng'ombe. Warfarini nilikunywa miezi mitatu ya mwanzo tu, basi.

Wazee huwekewa ikakaa miaka 15 na zaidi. Sisi vijana mwili una nguvu, unaijaza chokaa upesi. Yangu ilikaa miaka tisa. 2023 pumzi ikaanza kukata tena. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, maana ndani kumeshikana makovu, daktari anakwenda taratibu kama mtu anayebandua rangi ya zamani bila kuharibu ubao. Sasa nimetia chuma, nimeacha patasi, nasimamia vijana.

Utaniuliza kama najuta. Sijuti. Miaka tisa ile nimejenga mashua kumi na moja kwa mkono wangu. Lakini mkeo ana miaka 28. Akiweka ng'ombe leo, jua mezani atarudi, swali ni lini tu. Na wewe hutaki arudi. Basi ya ng'ombe si jibu la hofu yako. Wala chuma, nikwambie kweli, kwa mwanamke anayetaka kuzaa. Muuguzi atakueleza hapo.

Muuguzi_ZamuYaUsiku

Nimetoka zamu, nijibu kabla sijalala.

Chuma na mimba ni jambo zito. Inawezekana, nimewaona waliojifungua salama, lakini inataka daktari wa moyo na wa uzazi wakae pamoja kabla ya mimba. Warfarini hupita kwa mtoto, na wiki ya 6 hadi ya 12 inaweza kuharibu uundaji wa pua na mifupa yake. Hatari hupungua mama akiwa anahitaji miligramu 5 au chini yake kwa siku. Wengine hubadilishiwa sindano za heparini, ambazo hazimfikii mtoto, lakini zisipopimwa na kurekebishwa sawasawa valvu ya mama inaweza kuganda. Hakuna njia isiyo na bei. Valvu ya mnyama ni nyepesi zaidi kwa mimba, ila Fundi ameshakuambia bei yake. Kwa hiyo kwa mwanamke wa miaka 28, alama 7, havuji sana, asipokutwa na bonge, anataka mtoto, anaishi mbali na INR, mimi kwa uzoefu wa wodini naona puto linaongoza kwa mbali. Jopo ndilo litakaloamua.

Wapo watakaokwambia siku hizi kuna dawa za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kupimwa. Kwa chuma, hapana. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma, utafiti ukasimamishwa na matokeo yakatoka 2013: mabonge zaidi na kuvuja zaidi. Rivaroksabani ikajaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, matokeo ya 2022 yakaonyesha kundi la warfarini na ndugu zake wanaishi zaidi. Dawa ya zamani bado ndiyo mwenye nyumba.

Usishike mimba kabla ya kurekebisha hilo tundu, nakuomba. Tumieni uzazi wa mpango, ila si vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni, vinaongeza damu kuganda. Kijiti cha mkononi kinafaa.

Na sindano ya penisilini haikomi baada ya puto wala upasuaji. Watu wengi hukosea hapo. Puto linarekebisha kovu la zamani, sindano inazuia jipya. Kwa wenye valvu iliyoharibika sana mara nyingi ni hadi miaka 40, wengine zaidi. Kule Gulu, Uganda, walifuatilia watoto 818 wenye dalili za mwanzo zinazoonekana kwenye eko tu. Baada ya miaka miwili, waliochomwa ambao ugonjwa uliendelea ni asilimia 0.8, wasiochomwa asilimia 8.2. Ila kama moyo umechoka sana, muulize daktari wako sindano au vidonge. Kwa baadhi ya wagonjwa wazito siku hizi wanapendelea vidonge, kwa sababu kuna walioanguka muda mfupi baada ya sindano, na inadhaniwa ni moyo uliozidiwa kuliko aleji.

Abu_Mabruk (Muscat)

Kuhusu INR: huku mama mkwe anayo mashine ndogo kama ya sukari, anatoboa kidole, jibu dakika moja. Nilimpelekea ndugu yake Pemba. Mashine si tatizo, vijiti vyake ndivyo ghali na vina tarehe ya kuisha, na joto halivifai. Vya kwanza vilikaa kwenye dirisha la jua vikaharibika vyote.

Kijana_wa_Posta

Na meno je? Mimi nina chuma, jino limeoza, naogopa kung'oa.

Muuguzi_ZamuYaUsiku

Ng'oa, usiliache. Jino bovu kwa mwenye valvu ya kupandikizwa ni mlango wa vijidudu kwenda moyoni. Lakini mwambie daktari wa meno KABLA, utapewa antibayotiki ya kumeza saa moja kabla ya kung'oa, na INR ipimwe siku hizohizo. Usiache warfarini kwa uamuzi wako. Na maumivu ya jino yasikupeleke kwenye diklofenaki wala asprini, parasetamo inatosha.

BibiSaa_Tanga

Ongeza septrini kwenye orodha ya wachawi wa INR. Na dawa ya TB, ile inayofanya mkojo uwe mwekundu, yenyewe inaishusha. Mimi nina karatasi nimeibandika ndani ya jalada la kadi ya kliniki: NATUMIA WARFARINI, NINA VALVU YA CHUMA. Naionyesha hata duka la dawa.

Mume_wa_Mwalimu

Fundi, asante. Nimesoma jibu lako mara nne. Nilikuwa nachagua valvu ya kunituliza mimi.

Fundi_Mashua (Mombasa)

Sote twaanza hivyo kaka. Mke wangu mara ya kwanza alitaka ya chuma, ya pili akataka ya ng'ombe. Kila mara alitaka ile nisiyotaka mimi.

Mwalimu_Mpanda

Wakuu, nimerudi. Jopo limekaa jana. Niliingia na karatasi yenye maswali yenu, daktari mkubwa akaichukua akaisoma mwenyewe, akauliza, "Huyu Bibi Saa ni nani?" Eko ya kumeza imeonyesha hakuna bonge. (Muuguzi, "inapita" ulisema wewe. Koo bado linawasha.) Wamekubaliana puto, Jumatano ijayo, na chumba cha upasuaji kitakuwa tayari pembeni kama kijani kitachanika. Niliuliza hilo kwanza, Kyaka_Mama. Wamesema nikipona nisubiri, nipigwe eko tena, ndipo tuzungumze habari ya mimba.

Nimewaambia pia kwamba ikishindikana nikaamka na kitu kingine, kiwe chuma au ng'ombe, nimeshaongea na mume wangu na jibu letu limeandikwa kwenye faili. Halitaandikwa hapa.

Jambo moja limenikaa. Shuleni kwangu wako watoto wanaokuja na koo linauma, tunawapa maji ya chumvi tunawarudisha darasani. Muhula ukianza nitaongea na mwalimu mkuu wapelekwe zahanati.

BibiSaa_Tanga

Dua zangu zipo Jumatano. Sindano ya mwezi huu umechoma?

Mwalimu_Mpanda

Nimechoma juzi Bibi. Mpaka sasa nakalia upande mmoja.